Kompyuta Iliyochoka Ikifika Kwale

Shuleni, Kwale
Jumanne, 10 Juni 2025

Kaka Alamin,

Salamu kutoka huku mlimani, na natumaini Idi ilikuwa njema hapo Msambweni. Naandika kwa kalamu kwa sababu unaijua sheria yetu: mwanafunzi akikutwa na simu anarudishwa nyumbani kumwita mzazi, na baba yangu yuko Lunga Lunga na mahindi yake. Chome amekubali kubeba barua kila anapoleta nazi za jikoni kutoka huko kwenu, Jumatano na Jumamosi. Amenionya tu nisiandike mambo ya mapenzi, maana hataki kubeba dhambi za watu.

Nina habari mbaya na nitaisema wazi. Ile kompyuta uliyoibadilishia prosesa haina kasi uliyotuahidi.

Kabla haijaja kwako, Mwalimu Rispah aliipima kwa ile programu ya kupima kasi, ikapata alama elfu tatu na mia nane. Ulipoweka prosesa mpya ukamtumia picha ya skrini: elfu tisa. Sisi wa klabu ya kompyuta tulipiga makofi. Sasa iko hapa, tumeipima asubuhi, tumeipima jioni, na kila mara inatoa elfu nne na kidogo. Ni kama mtu aliyenunua punda wa pili na mzigo ukaendelea kwenda mwendo uleule.

Wa Kidato cha Nne wananitania. Musyoki aliniambia kwenye foleni ya chakula, "Muema, fundi wako ametuuzia mkebe mtupu." Mwalimu Rispah hasemi hivyo. Yeye anasema, "Inawezekana alipima moja akatuletea nyingine," na neno hilo "inawezekana" limeniuma kuliko mkebe wa Musyoki. Nilimwonyesha kwamba jina la prosesa kwenye skrini ndilo lile lile tulilokubaliana. Akanijibu kwamba siku hizi jina linaweza kuandikwa na mtu yeyote juu ya kitu chochote.

Bodi ya shule inakutana Ijumaa tarehe 27. Isipopata maelezo, hutapewa kazi ya kutengeneza chumba kizima cha kompyuta, na Mwalimu Mkuu atawatahadharisha wakuu wa shule nyingine wasikuite. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono klabuni nikalitaja jina lako, na unajua mimi si mtu wa kunyoosha mkono. Lakini sijuti. Nilikaa kwenye karakana yako likizo yote ya Aprili nikijifunza ufundi, nikakuona ukimtafuta mteja mpaka Ukunda kwa sababu ya skrubu moja iliyobaki mezani. Mtu wa namna hiyo habadilishi prosesa njiani.

Nitatafuta sababu. Niambie nianzie wapi.

Mpe mama yako, Mama Esha, shukrani zetu kwa zawadi aliyomkabidhi Chome. Mwalimu Mkuu aliisifu mbele ya shule nzima.

Ndugu yako mdogo,
Muema


Msambweni
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mdogo wangu Muema,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Ahsante kwa kuniandikia ukweli bila kuupaka sukari.

Prosesa ni ileile. Naapa kwa Mola wangu, na kwako naapa kwa ile skrubu. Ilipokuwa hapa mezani kwangu ilipata elfu tisa mara ya kwanza, nikaipima mara ya pili kwa kutoamini, ikarudia. Kwa hiyo tusikasirike, tutafute. Kompyuta haina kinyongo na mtu. Ikienda polepole ina sababu yake.

Kwanza, tazama mipangilio ya umeme, pengine imewekwa ile ya kubana matumizi. Pili, usisubiri alama ya mwisho tu. Kaa mbele yake uangalie kasi inavyokwenda tangu mwanzo wa kipimo hadi mwisho. Tatu, ile programu inaonyesha joto la prosesa kwenye pembe ya chini, liandike. Na uhakikishe sanduku lenyewe halijaegemea ukuta wala halijabebeshwa kitu. Huko shuleni watu huweka mafaili juu ya kila kilicho bapa.

Nimemwuliza Mama hiyo zawadi ni nini, akacheka akasema hayanihusu. Namjua, hugawa mahamri hata kwa wapita njia. Natumaini yalifika yakiwa laini.

Usijibizane na Musyoki. Mwambie tu mkebe mtupu hupiga kelele, na wako haupigi.

Alamin


Shuleni, Kwale
Jumanne, 17 Juni 2025

Kaka Alamin,

Nimefanya yote.

Mipangilio ya umeme ni sawa, iko kwenye ile ya nguvu kamili. Sanduku halijaegemea popote. Liko kwenye meza yake peke yake, umbali wa mkono mzima kutoka ukutani, na chumba kinafagiliwa na sisi wenyewe kila siku. Hakuna faili juu yake, hakuna kitabu, hakuna hata kikombe.

Lakini nilikaa mbele yake kama ulivyosema, na hapo nimeona jambo. Mwanzoni inakwenda vizuri kabisa. Dakika ya kwanza kasi ni ile ya kwako. Kisha joto linapanda, sabini, themanini, tisini na kitu, na feni inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga posho. Baada ya hapo kasi inakatika nusu na kubaki chini mpaka mwisho. Nimeisoma sura ya prosesa kwenye kitabu cha maktaba. Kinasema prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo haikosi nguvu. Inajizuia.

Nilimweleza Mwalimu Rispah. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Basi ni mbovu kwa namna nyingine." Nilitaka kumjibu, nikaishia kuyaandika majibu kwenye daftari kama kawaida yangu. Amebandika karatasi yenye sahihi yake kwenye skrubu za sanduku ili lisifunguliwe na mtu yeyote kabla ya Bodi. Si kwa ubaya. Anasema ni kwa haki ya pande zote.

Tumekaribia, kaka. Sasa tunajua ni joto.

Muema


Msambweni
Alhamisi, 19 Juni 2025

Muema,

Ni joto. Basi ni mimi.

Kati ya prosesa na bati la kuipozea kuna grisi nyeupe, uliniona nikiipaka. Ikiwa kidogo au ikiingia hewa, joto halitoki. Kompyuta yenu niliifunga wiki ile ya kuelekea Idi, na kila mtu alitaka redio yake, televisheni yake na simu yake viwe vizima kabla ya sikukuu. Sikumbuki kuharakisha, lakini anayeharakisha huwa hakumbuki.

Siwezi kulifungua sanduku, na kama lina karatasi ya mwalimu sitaki hata kuligusa. Nitaiandikia Bodi kwamba kosa ni la mkono wangu na kwamba niko tayari kulirekebisha bure. Afadhali niitwe fundi mzembe kuliko mwizi. Barua yenyewe nitampa Chome Jumatano.

Chakula hakipiti vizuri siku hizi. Mama ameanza kuniuliza maswali.

Alamin


Shuleni, Kwale
Jumamosi, 21 Juni 2025

Kaka Alamin,

Usiiandike barua hiyo. Nakuomba. Chome anashusha nazi na mimi naandika nikiwa nimeegemea gari lake, kwa hiyo usiangalie mwandiko.

Nilikuwa na jibu la kukupa hata kabla ya leo. Grisi ni ileile, feni ni ileile, mkono ni uleule, na hapo kwako ilipata elfu tisa mara mbili mfululizo. Grisi mbaya ingeonyesha ubaya wake mezani kwako. Kilichobadilika si kazi yako, ni mahali. Ndivyo nilivyotaka kukuambia, na nilikuwa nalitazama hilo "mahali" bila kuliona.

Leo ni siku ya kufua. Mwalimu Rispah alituagiza tufue mapazia ya chumba cha kompyuta pamoja na kile kifuniko. Tulipokuwa tunasubiri vikauke, nikawasha kompyuta nikaipima, nikiwa sina la kufanya. Elfu tisa na mia moja. Nilidhani nimekosea kusoma. Nikapima tena. Tisa. Feni ilikuwa inanong'ona tu. Nikaenda kwenye kamba, nikakileta kifuniko bado kina unyevunyevu pembeni, nikasubiri kidogo, nikaivalisha, nikapima. Elfu nne.

Kaka, ina kifuniko. Kitambaa kizito cha buluu, kimeshonwa kuizunguka pande zote kama kanzu, kina tundu dogo la kitufe mbele na la nyaya nyuma, na jina la shule limetariziwa kwa uzi wa manjano. Hufungwa kwa kamba chini ili chumvi ya hewa na vumbi visiingie. Havikuingia, na joto halikutoka.

Uliniuliza kama kuna kitu juu yake nikakujibu hakuna, na sikukudanganya. Kwetu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa maji una chake. Mtu akiuliza kuna nini juu ya redio, hakuna anayejibu "kitambaa". Kitambaa ni sehemu ya redio.

Sasa lililo gumu. Ile zawadi ya Mama Esha haikuwa mahamri.

Nimemweleza Chome kwa sababu aliniuliza kwa nini nimekuja mbio. Mwalimu Rispah bado sijamwambia. Nataka kusimama mbele ya Bodi Ijumaa na kuwaonyesha, lakini kila mtu hapa anajua nani alikishona. Sitasema neno mpaka uniruhusu.

Muema


Msambweni
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mdogo wangu,

Umefanya kazi ambayo mimi mwenyewe nisingeifanya vizuri zaidi. Nilicheka peke yangu karakanani, halafu nikaacha kucheka.

Mama yangu alikishona wiki nzima nikiwa kazini, akakificha chini ya godoro ili iwe ajabu kwangu siku nitakapokiona shuleni. Mlipokisifu, Chome alimletea habari, naye akaisambaza kwa wanawake wa mtaa mzima, mimi nikabaki wa mwisho kujua. Wanawake wawili wamemwagiza vya kwao. Tangu baba yangu afariki sijamwona akitembea namna anavyotembea wiki hizi.

Ukisimama Ijumaa ukasema kitambaa ndicho kilichoharibu, habari itashuka mlima kabla ya swala ya alasiri. Watamcheka kisimani, watamcheka harusini. "Esha alivalisha kompyuta koti." Mimi nitapata kazi na yeye atapata jina.

Kwa hiyo fanya hivi. Kiondoe kifuniko kimyakimya, sema kilichanika kwenye kufua. Ijumaa wakipima wataona elfu tisa. Wakiuliza ilikuwaje, sema fundi amekiri kosa la grisi na limejirekebisha. Mimi nitabeba. Mimi ni kijana, nitapata kazi nyingine Diani.

Alamin


Msambweni
Jumanne, 24 Juni 2025

Mwanangu Muema,

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, na ninaandika mwenyewe kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa.

Mwanangu Alamin hali chakula. Amekuwa akigeuza wali kwenye sahani kama anayetafuta kitu kilichoanguka humo. Nikimwuliza, "Si kitu, Mama." Basi juzi nikamwita Chome barazani, nikamwekea chai na mahamri matatu. Alinieleza yote kabla hajalifikia la tatu.

Jana Alamin alikuandikia. Sijui amekwambia nini, lakini nilimzaa mimi, kwa hiyo najua. Amekwambia ufiche. Usifiche.

Nisikilize. Kitambaa ni changu. Nilikikata mimi, nikakipima mimi Alamin akiwa msikitini, na nilipofika nyuma nikaona vile vitundu vingi vidogo nikajiuliza, hii nayo yapumulia huku? Nikajijibu, chuma hakipumui, na nikavifunika ili vumbi lisiingie. Nimepika miaka yote hii na najua jiko lisilopata hewa hufanya nini, na bado nilijijibu hivyo. Ni kosa la kawaida. Wala si dhambi.

Lakini mwanangu kuitwa mwizi si jambo la kawaida. Wakinicheka kisimani nitacheka nao, na mimi huwacheka wao kwa mengine. Aibu ikija nitaibeba mwenyewe, na mpaka sasa sijaiona. Ningeiona kama mtoto wa watu angesimama mbele ya wazee akasema uongo kwa ajili ya kitambaa changu.

Simama Ijumaa. Sema ni kifuniko, na wakiuliza cha nani, sema cha Esha binti Chirau wa Msambweni. Sema kwa sauti, Alamin ameniambia wewe huongea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Na ule vizuri kwanza.

Mama yako,
Esha


Shuleni, Kwale
Ijumaa, 27 Juni 2025

Mama Esha, shikamoo.
Kaka Alamin, hujambo.

Barua hii ni yenu nyote wawili, na kaka naomba msamaha kwa kutokufuata lako. Barua mbili zilifika kwa mkono mmoja wa Chome, nikamtii mkubwa.

Bodi ilikaa kwenye chumba cha kompyuta chenyewe. Walikuwa watu saba na Mwalimu Mkuu, na mwenyekiti ni Mzee Matano, yule anayefunga koti hata kwenye jua. Mwalimu Rispah alieleza alama zote bila kuongeza chumvi. Kisha akasema mwanafunzi wa klabu ana jambo. Nilisimama. Nikaanza kusema, na Mzee Matano akaweka mkono sikioni.

"Kijana, umekula?"

"Nimekula, mzee."

"Basi sema kama aliyekula."

Wakacheka, na sijui kwa nini kicheko hicho kilinisaidia. Nikasema. Niliwaeleza joto, niliwaeleza kwamba prosesa hujizuia isiungue, kisha nikasema naomba niwaonyeshe. Nilipima kompyuta ikiwa imevaa kifuniko: elfu nne. Nikaifungua kamba, nikakivua, nikaiacha ipoe huku wanakunywa chai, nikapima tena. Elfu tisa ilipotokea, Mwalimu Mkuu aliinuka kitini akaja kuitazama kwa karibu.

Mzee Matano akauliza, "Yaani inasikia joto kama mimi na hili koti?"

"Ndiyo, mzee. Ila yenyewe haiwezi kulivua."

Halafu likaja swali lenyewe. Mama mmoja wa Bodi akauliza, "Na hiki kitambaa kizuri hivi ni cha nani?" Nikasema: cha Mama Esha binti Chirau wa Msambweni, mamake fundi, na ameniagiza niseme hivyo mwenyewe kwa sauti. Mtu mmoja alicheka. Mmoja tu, na alijikuta peke yake, kwa sababu Mwalimu Rispah alikuwa ameshasimama. Alisema, "Mama alikishona, lakini kila siku nilikifunga mimi, na mimi ndiye ninayefundisha kompyuta. Nilimdhania fundi ubaya kwa kitu nilichokuwa nakifunga kwa mikono yangu." Akabandua karatasi yake kwenye skrubu.

Kazi ya chumba kizima ni yako, kaka. Mwalimu Mkuu hatawaandikia wakuu wenzake tahadhari. Atawaandikia kwamba uliyoahidi yalitimia. Kifuniko kitatumika kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa, na yule mama wa Bodi anauliza kama Mama Esha anaweza kumshonea cha cherehani. Cherehani haipati joto, nimemhakikishia.

Baadaye Musyoki alinipita kwenye foleni akasema, "Wakili." Nadhani ilikuwa sifa.

Wenu,
Muema


Msambweni
Jumatatu, 30 Juni 2025

Muema,

Mama ameisoma barua yako barazani mara ngapi sijui. Kisimani walimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili walimwuliza kama televisheni nazo zina hatari, na sasa yeye ndiye anayewafundisha. Anasema "prosesa" kama aliyezaliwa nayo.

Kuna jambo sikukuandikia. Ijumaa ile nilikuja. Nilifunga karakana, nikapanda mpaka Kwale, nikafika getini kwenu kabla Bodi haijaanza. Nilitaka nikubebee lile neno la grisi mwenyewe, usije ukalazimika kusema kitu. Askari aliniuliza jina, nilipolitaja akasema ameambiwa asiniruhusu kuingia, kwa ajili ya ile kompyuta. Alisema kwa adabu, lakini wazazi wawili walikuwa wamesimama hapo wakasikia. Nikarudi. Nilikuwa nyumbani uliposimama, nikimenya vitunguu vya Mama.

Natakiwa nianze kazi Alhamisi. Nitakuja na vifaa vyangu vyote. Sitaki kukueleza sana, lakini kile kichochoro cha kutoka barabarani hadi getini nimekiona kirefu tangu siku ile.

Alamin


Shuleni, Kwale
Jumanne, 1 Julai 2025

Kaka Alamin,

Barua yako Chome ameileta leo, siku moja kabla ya zamu yake, kwa sababu alisema uso wako haukumpendeza.

Sikusubiri kengele ya mapumziko. Niliomba ruhusa kwa Mwalimu Rispah, nikashuka getini. Bwana Kibwana, askari wa geti, alikuwa kwenye kiti chake na redio. Nilimwamkia, nikamwambia Alhamisi atakuja fundi Alamin Nassir wa Msambweni.

Akapunguza sauti ya redio. "Yule wa kompyuta mbovu?"

"Hapana," nikasema. "Yule wa kompyuta nzima. Mbovu ilikuwa desturi yetu."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, na wapishi waligeuka kututazama. Nikamweleza yote pale pale, kifuniko, joto, elfu nne na elfu tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua geti akalifunga tena, kama anayejaribu bawaba.

"Basi Alhamisi aje," akasema. "Aje na kitambulisho, kama watu wote."

Muema